"Jikaze" Si Dawa

Wacha nianze na siku niliyodhani nakufa.

Niko kwa matatu, Thika Road, magari hayasongi, tumekwama karibu na Roysambu. Ghafla moyo unaanza kwenda mbio. Vidole vinakufa ganzi, jasho linanitoka, pumzi haitoshi. "Makanga, shukisha!" Nikafika hospitali nikiwa na uhakika kwamba moyo wangu umeisha. Wakanipima presha, wakanipima moyo kwa mashine, kisha daktari akanirudisha nyumbani na maneno mawili: "Huna kitu."

Ukweli ni kwamba moyo wangu ndio haukuwa na kitu. Mimi nilikuwa nacho, na kinaitwa shambulio la hofu.

Mwili una kengele yake ya hatari. Ubongo ukihisi simba yuko karibu, adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, misuli inajiandaa kupigana ama kutoroka. Kengele hiyo ni nzuri sana simba akiwa yuko. Lakini ikilia bila simba, ikalia tena na tena hadi unaogopa kutoka nyumbani, huo ni ugonjwa. Si uoga, si uzembe, na si ati hujaomba vya kutosha.

Najua mtasema kila mtu ana wasiwasi. Kweli, sote tulitetemeka kabla ya KCSE. Lakini mtihani ukiisha, kutetemeka kunaisha. Wasiwasi ambao ni ugonjwa haungoji mtihani. Kuna ule unaokukalia karibu kila siku kwa miezi sita na zaidi, unakula usingizi, masomo na kazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi. Hakuna ugonjwa wa akili unaoshika watu wengi kuliko huo, na katika kila wanne wanaohitaji matibabu, ni kama mmoja tu anayeyapata. Sasa niambie, hao milioni 301 wote ni "kizazi laini"?

Shida ya "jikaze" ni hii: unajikaza mbele ya watu, halafu kisirisiri unakwepa. Mimi niliacha matatu kabisa. Nilitembea hadi viatu vikaisha. Na kila nilipokwepa, ubongo wangu ulijifunza kwamba kumbe matatu ni simba kweli.

Tiba ya mazungumzo ilifanya kinyume. Kaunsela hakuniambia nijikaze, wala hakuniambia nikae nyumbani. Tulianza na kusimama steji tu. Kisha kukaa ndani ya gari ambalo bado linangoja abiria. Kisha kwenda steji moja. Kengele ililia, nikaiacha ilie, ikachoka yenyewe. Ni kazi, tena kazi ngumu, lakini ni tiba iliyofanyiwa utafiti miaka mingi na inasaidia.

Dawa pia zipo. Sertralini na fluoxetini hazikulevyi. Huchukua wiki kadhaa kushika, na huziachi ghafla bila daktari. Usizichanganye na vile vidonge vya diazepamu ambavyo wengine wananunua mtaani bila karatasi ya daktari. Hivyo vinatuliza haraka, na mwili unavizoea haraka. Muguka nayo inachochea moyo ule ule unaojaribu kuutuliza. Na pombe? Inakukopesha utulivu usiku, asubuhi inadai na riba.

"Lakini kaunsela ni pesa." Hapo nakubaliana na wewe, na hapo ndipo hasira yangu iko. Shamiri, shirika la hapa hapa Kenya, walichukua vijana waliotoka sekondari juzi tu, wakawafunza, wakawapa vikundi vya wanafunzi kwa vikao vinne. Matokeo yalichapishwa 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry: wanafunzi 413 walishiriki, na waliopata vikao hivyo dalili zao za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Hakukuwa na jengo jipya wala profesa kila darasa. Sasa shule yenye kengele ya kila kitu, na haina hata mtu mmoja wa kumsikiliza mwanafunzi, ina kisingizio gani?

Na sisi wa mitandaoni tusijitoe. Tukigeuza wasiwasi kuwa pambo la video, anayeugua kweli hataaminika. Video yangu si kipimo. Nenda upimwe, maana hata tezi ya shingo ikizidisha kazi inaweza kukimbiza moyo.

Kama huna pa kuanzia, Msalaba Mwekundu wako 1199, na watoto wana 116. Simu zote mbili ni bure.

Na wewe ambaye rafiki yako atakwambia leo moyo unamwenda mbio na hajui kwa nini, tafadhali meza hilo "jikaze" lako. Muulize tu: "Imeanza lini? Twende pamoja?"