Mji wa Kale hauokolewi kwa mapembe na rangi

Mgeni akifika Mombasa mara ya kwanza, hupelekwa Mapembeni. Imekuwa kama sunna. Dereva wa tuktuk husimama kando ya Barabara ya Moi, mgeni hushuka, hupigwa picha chini ya mapembe manne ya aluminiamu, kisha huelezwa kwamba ukiyatazama kwa pamoja yanafanya herufi M ya Mombasa. Hufurahi, hupanda tena, na picha huwa imeshafika kwao kabla tuktuk haijafika Fort Jesus.

Asichoelezwa ni namna mapembe hayo yalivyokuja. Ya kwanza yalisimamishwa kwa ajili ya ziara ya mwaka 1952 ya Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Meli ya Gothic ilikuwa bandarini Mombasa ikimsubiri aendelee na safari yake. Tarehe 6 Februari babaye akafariki. Elizabeth, aliyekuwa huko bara upande wa Nyeri, akapanda ndege Nanyuki hadi Entebbe na kurudi kwao akiwa malkia. Safari yake ya Mombasa ikafia hapo. Mapembe ya aluminiamu tunayoyajua leo yaliwekwa mwaka 1956, alipozuru mdogo wake, Margaret.

Kwa hivyo alama kuu ya mji huu ni lango lililoanza kwa kutengenezewa mgeni ambaye hakutokea. Hatusemi yang'olewe. Miaka zaidi ya 70 imeyafanya kuwa mali ya wenyeji. Watu huwekeana miadi hapo, matatu huteremsha hapo, na hakuna Mmombasa anayekumbuka mfalme wa nani alikufa lini. Yabaki. Ila tukitaka kujua kwa nini mji wenye karne nyingi za maandishi, mashairi na ujenzi wa mawe bado unajieleza kwa wageni kwa njia ya aluminiamu, ni lazima tuwaulize waliopewa kazi ya kuulinda. Na hukumu yetu ni kwamba Serikali ya Kaunti ya Mombasa, tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, imeifanya historia ya mji huu kuwa pambo, na pambo lenyewe ni la kupokelea wageni.

Tukumbuke rangi. Mwaka 2018 wenye majengo ya katikati ya jiji waliamriwa wapake nyeupe na buluu. Ngazi zikasimamishwa, madebe yakafunguliwa, na kwa miezi michache mji ukang'aa. Hatuna ugomvi na usafi. Lakini wahenga waliokaa pwani hii walishasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Jengo lililopasuka boriti halisimami kwa sababu limepakwa nyeupe, na nyumba ya zege iliyochukua nafasi ya nyumba ya mawe ya matumbawe haigeuki kuwa urithi kwa kutiwa buluu madirishani.

Anayetaka kuona mji unavyokufa aiache Barabara ya Moi ashuke Ndia Kuu kwa miguu, alasiri, jua likiwa limelegea. Katika kichochoro kimoja kinachoelekea baharini upo mlango ambao tumekuwa tukiutazama kwa miaka. Mfaa wake, ule mti wa katikati unaokutanisha mbao mbili, umechongwa maua na majani kutoka chini hadi juu, kwa mkono uliokuwa hauna haraka. Mwimo wa kulia ungali mzima. Ubao wa kushoto umeoza kwa chini, kwa sababu kibaraza kilipigwa saruji na maji ya mvua sasa huruka moja kwa moja kwenye mti. Misumari ya shaba imeng'olewa, yamebaki matundu. Mbele yake imetiwa grili ya chuma yenye kofuli, na juu ya grili kuna tangazo la simu ya mpiga plasta.

Humo ndani wanakaa wajukuu wa ndugu watatu. Nyumba ni ya mirathi, na warithi hawajawahi kukaa kitako pamoja. Wengine wako Muscat, wengine Uingereza, na kila anayepigiwa simu husema atalifikiria baada ya Ramadhani. Fundi anayejua kuchanganya chokaa na kubadilisha boriti za mikoko ni ghali, na idadi yao inapungua. Dalali si ghali. Dalali huja mwenyewe, na pesa mkononi, autake mlango leo na kiwanja kesho. Milango ya namna hii imekuwa ikiondoka pwani miaka nenda miaka rudi, ikaenda kupamba mahoteli na majumba ya matajiri, na mahali pake pakatiwa geti la chuma. Baada ya mlango huondoka roshani. Baada ya roshani huja bango la mkandarasi.

Huyo mwenye nyumba hatumlaumu. Anapokea wito wa kutunza urithi wa dunia huku paa likimvujia kitandani. Mtalii hupita mlangoni pake, hupiga picha ile grili, huenda zake. Kiingilio amekwisha kulipa Fort Jesus, na fedha hizo ni za Makavazi ya Kitaifa. Yeye aliyekaa ndani ya picha hapati hata ya kununulia mfuko wa chokaa. Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Mji wa Kale mgeni amekuja, tena kwa wingi, na mwenyeji ndiye anayehama.

Kaunti hupenda kujibu kwamba urithi ni kazi ya serikali ya kitaifa. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye uzito. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeacha kwa serikali ya kitaifa majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Ndiyo maana ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikageuzwa gereza na wakoloni Waingereza hadi 1958, na kutiwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2011, iko chini ya Makavazi. Lakini jedwali hilo hilo limeikabidhi kaunti makavazi yake, shughuli za utamaduni, utalii wa eneo lake, na mipango ya ujenzi. Ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale ipo, hatua chache kutoka ngomeni, na wataalamu wake hutoa ushauri. Kibali cha kujenga hutolewa na kaunti. Ghorofa inapochomoza katikati ya vichochoro na kuzibia nyumba tatu upepo wa bahari, kuna mtu mwenye mhuri aliyeupiga, au aliyegeuza uso wakati msingi ukichimbwa. Tukubali lipi kati ya hayo mawili?

Kuhusu sanaa ya hadharani, kaunti ina uhuru wote na haina udhuru hata mmoja. Tazama tulichonacho. Mwembe Tayari wamesimama askari wa shaba, ukumbusho wa Waafrika walioingizwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Uliwekwa na serikali iliyowaingiza vitani. Treasury Square kuna sanamu ya tajiri Allidina Visram. Mapembeni tumeshapasema. Zote ni historia, na zote zilichaguliwa na watu ambao hawakumwuliza mwenyeji lolote.

Yuko wapi Muyaka bin Haji? Huyu ndiye aliyelitoa shairi la Kiswahili msikitini na kulipeleka sokoni, akaimba njaa, mapenzi, mizaha na vita vya Wamazrui na Seyyid Said, akafariki mwaka 1840. Tungo zake zimetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya kwa wazee akamsomea mmishonari William Taylor, na miswada ikaishia maktaba ya chuo cha SOAS, London. Mtoto wa Kibokoni anayetaka kuuona mwandiko uliomhifadhi mshairi wa mtaa wake atafute viza kwanza. Je, yuko wapi mshairi Ahmad Nassir? Yuko wapi Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyefungwa mwaka 1969 kwa kuuliza Kenya inakwenda wapi? Mji uliozaa watu hawa hauna sababu ya kukosa ukuta wa kuandikia beti.

Na hapa tunawaonya mapema watakaoruka kutenga fedha za sanamu. Tunaujua mchezo huo. Zabuni hutangazwa kimyakimya, mchongaji hutoka kusikojulikana, kitambaa huvutwa kamera zikiwa tayari, na sura inayotokea haifanani na marehemu wala na jirani yake. Kazi ya maana Mombasa ianzie kwa mikono iliyopo: wachonga milango, waandishi wa hati za Kiarabu, mafundi wa chokaa, vijana wanaochora kuta za vibanda na matatu. Mashindano yawe wazi, vielelezo vitundikwe mahali ambapo wazee wa Kibokoni, Kuze na Mjua Kale watapita na kuvisema vibaya kabla ya senti kutoka. Maandishi yaanze kwa Kiswahili, na Kiingereza kifuate chini yake, kwa herufi ndogo kama kitapenda.

Lamu wametutangulia. Ule mji uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 wenyeji wakiwa bado wanakaa ndani yake, na hadi leo mgeni anayekwenda Lamu husikia randa na patasi ya mchongaji anayefanyia kazi kibarazani. Nao wana shida zao; bandari mpya na bei za nyumba zinawasumbua. Lakini hakuna anayehitaji kuelezwa Lamu ni nini kwa herufi ya chuma.

Basi tuseme tunachotaka. Sehemu ya tozo ambazo kaunti tayari inazikusanya kwa hoteli na biashara za utalii itengwe kuwa mfuko wa kukarabati nyumba za Mji wa Kale, na mwenye nyumba apewe vifaa na fundi badala ya semina. Kadhi na Tume ya Wakf wakae na koo ambazo mirathi imezifunga mikono, kesi moja baada ya nyingine, kwa sababu nyumba isiyo na mwenye kuamua ndiyo dalali huipata kwanza. Kila kibali cha ujenzi ndani ya eneo la hifadhi kibandikwe hadharani mtaani siku 30 kabla ya jembe kugusa ardhi, pamoja na jina la ofisa aliyetia saini. Na mlango uliochongwa usivuke daraja la Nyali wala kuingia bandarini bila karatasi.

Wawakilishi wadi wa Kisiwani wasituambie kwamba hawakujua. Wamezaliwa humo, baadhi yao wamelelewa kwenye vibaraza hivyo hivyo, wakatumwa kahawa na mahamri asubuhi kwenye milango ambayo leo haipo.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai. Makadirio yakichapishwa tutayafungua ukurasa kwa ukurasa, tuhesabu kilichotengewa rangi na kilichotengewa chokaa, na tutavichapisha vyote viwili hapa.