Jiwe la Olorgesailie libaki palepale

Anayeokota jiwe katika eneo la kale na kulitia mfukoni anaiibia nchi. Tunalisema hilo bila kumung'unya maneno, kwa kuwa tabia ya kubeba "ukumbusho" imezoeleka hata mzazi humwona mwanawe akiinama kuokota na asimkanye.

Olorgesailie, kando ya barabara ya Magadi nchini Kenya, mashoka ya mawe yamelala wazi pale ambapo wachimbuzi Louis na Mary Leakey waliyakuta miaka ya 1940. Mengi yana umbo la tone la maji, mapana kama kiganja, na kingoni mna makovu ya kugongwa jiwe kwa jiwe. Wachimbuzi hao waliamua yaachwe palepale, wageni wayatazame kutoka kwenye ujia wa mbao. Walifanya la busara.

Jiwe la kale huzungumza likiwa mahali pake: katika tabaka lake la udongo, pamoja na mifupa na mawe yaliyo jirani nalo. Mwaka 2018 watafiti walieleza kuwa vipande vya jiwe jeusi la volkano, ling'aalo kama kioo, vilivyopatikana Olorgesailie, vilitoka umbali wa makumi ya kilomita. Hivyo tukajua kwamba watu wa takriban miaka 300,000 iliyopita walisafirisha mawe na huenda walibadilishana na majirani. Vipande hivyo vingeokotwa mapema, leo vingekuwa mapambo ya kabati, na habari hiyo ingepotea.

Wapo watakaojitetea kuwa walichukua kijiwe kimoja tu. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Basi moja la wanafunzi, kila mmoja na kijiwe chake, linatosha kufuta ukurasa mzima wa historia. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 haimruhusu mgeni kujichukulia vitu vya kale, nayo itekelezwe.

Walimu wakague mikoba kabla ya basi kuondoka. Serikali iajiri walinzi wa kutosha. Mgeni akiona jiwe lililofukuliwa na mvua, asiligeuze wala kulisogeza. Alipige picha na kumwita mwelekezi.

Kulirudisha baadaye hakutoshi. Aliyelibeba hadi nyumbani hawezi tena kuonyesha lilipokuwa limelala, na hakuna mtaalamu atakayeweza kumsaidia. Liacheni.