Jino la mwisho na vidonge vya rangi mbili

Wadau, nimepotea wiki mbili, samahanini. Nilikuwa na shavu kama nimeficha embe. Leo nimerudi na hasira, nivumilieni.

Ilianzia Kibaha, nilipoenda kwa dada wikiendi. Gego la mwisho la chini linaota, ufizi umelifunika nusu, chakula kikaingia chini ya ule ufizi kikaozea humo. Dukani nikapewa vidonge vya rangi mbili, sita, hata homa sikuulizwa. Mshikaji wangu wa chumbani akasema ndo akili inaingia, eti nifurahi! Maumivu yakapoa siku tatu, yakarudi na wenzake. Nikiwa nyumbani Kisarawe mdomo ukakataa kufunguka, hata kijiko cha uji hakipiti.

Zahanati ya kijijini kwetu haina mtu wa meno. Bodaboda, kisha daladala, mpaka hospitali mjini. Na unajua daktari alifanya nini? Alichukua bomba la sindano, bila sindano yenyewe, akaosha chini ya ufizi kwa maji ya chumvi ya vuguvugu. Dakika chache tu, uchafu ukatoka. Dawa ya kuua bakteria akanipa pia kwa sababu nilishakuwa na homa na taya limekaza, ila akasema bila kuosha, vidonge peke yake ni kupaka rangi ukuta wenye nyufa.

Sasa jamani, bomba na chumvi vinashindwa nini kufika zahanati? Msiniambie habari ya uhaba wa madaktari wa meno. Kung'oa waachiwe wao, sawa. Lakini muuguzi anayesafisha vidonda kila siku atashindwa kuosha ufizi? Mwaka 2002 wataalamu wa kituo cha Nijmegen, Uholanzi, kinachoshirikiana na WHO, walitoa mpango wa huduma za msingi za kinywa kwa nchi kama zetu, na cha kwanza humo ni kumtoa mtu kwenye maumivu. Hiyo 2002! Mimi nilikuwa bado nalilia maandazi.

Na huu si mzaha. Uvimbe ukishuka shingoni, ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, hapo usisubiri kuche, njia ya hewa inaweza kuziba. Sasa fikiria uko Maneromango usiku, halafu unapewa rangi mbili.

Langu limelala, nang'oa likizo. Bumu likichelewa mtanikuta na kikombe changu cha chumvi.