Kigari Chekundu na Risiti za Gereji

Mwezi huu tuongee kuhusu usafiri. Namaanisha kale kagari kadogo ka mtumba ambako wewe na mwenzako mnakapigia mahesabu kila mwisho wa mwezi, mkijiambia kataokoa nauli na muda.

Mimi na mume wangu tulianza hivyo hivyo. Tunaishi Bunju, mimi kazini Mikocheni, yeye Chang'ombe. Kugombea daladala alfajiri, kusimama njia nzima, unafika ofisini nguo imekunjamana utadhani umelala nayo. Tukaweka akiba miaka miwili, tukapata Vitz nyekundu, namba D, rimu zinang'aa, kipupwe kinapuliza hadi raha. Bei yake ilikuwa chini ya zote tulizokuwa tumesikia. Nikaipenda hata kabla haijawashwa.

Fundi wetu aliomba siku moja aikague. Nikamwambia mume wangu, "Mpenzi, tukisubiri atakuja mwingine aichukue." Tukalipa siku ile ile.

Mwezi wa pili gia zikaanza kuchelewa kuingia. Mume wangu hakusema kitu. Akawa anamlipa fundi kimya kimya, kwanza kwa mshahara wake, halafu kwa fedha tulizokuwa tunaweka za kiwanja. Nilikuja kukuta risiti kwenye dashibodi wakati natafuta kalamu. Nilipouliza, akanijibu taratibu, "Wewe ndiye ulisema tusimsubiri fundi. Ningekwambia, ungeona nakulaumu."

Nilinyamaza. Giaboksi ina fundi wake. Wiki sita za kufichana zilihitaji sisi wenyewe tukae chini, na ndipo tulipofanya mahesabu tuliyopaswa kuyafanya mwanzo.

Vigari hivi havikupendwa bure. Vitz ilitoka Japani mwaka 1999, na dada yake IST ikafuata mwaka 2002. Vinaegesheka popote na havinywi wese sana. Vitz yenye injini ndogo haifiki cc 1000, na kwa viwango vya TRA gari lisilozidi cc 1000 halina ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini, wakati lile la kuvuka hapo hadi cc 2000 hutozwa asilimia 5. Lakini kuna ushuru wa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 asilimia 15, na likizidi miaka 10 asilimia 30. Kwa hiyo ukiagiza la zamani kwa sababu Japani linauzwa rahisi, bandarini hesabu inakugeukia. Pitia kikokotoo cha TRA kwenye tovuti yao kabla hujatuma hata senti.

Ukinunua lililoko mjini, kodi hizo mwenzio alishalipa. Hapo kinachobaki ni kujua gari limeishi vipi. Tangu Uber iingie Dar mwaka 2016, IST na Vitz nyingi zimefanya kazi ya teksi za mtandaoni, usiku na mchana. Kilometa kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma, lakini siti ya dereva iliyobonyea na pedali iliyolika havidanganyi. Nusa ndani: gari lililolala kwenye mafuriko lina harufu ya uvundo, na chini ya mazulia utaona kutu. Liwashe asubuhi injini ikiwa ya baridi, halafu mpe fundi wako siku yake nzima. Fundi wa muuzaji hahesabiki.

Kadi nayo ikaguliwe. Jina liwe la huyo anayekuuzia, na uhakikishe gari halijawekwa dhamana ya mkopo. Angalia madeni ya trafiki kwenye mfumo wa polisi; kila kosa ni shilingi 30,000, na yakirundikana ni mshahara wa mtu. Andikeni mkataba wa mauziano kwa mwanasheria, kisha kabadilisheni umiliki TRA mapema. Na bei isimalize akiba yote. Bakizeni fungu la bima, tairi, shokabu na mshangao wa kwanza wa gereji. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, ila ilihamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo unailipa kila unapojaza.

Sasa lile ambalo dalali hawezi kukuambia. Kabla ya kununua, ongeeni: kadi itasoma jina la nani? Nani analipa sevisi? Ndugu akiomba lifti ya kwenda msibani Mbagala, mafuta ya nani? Mkiona aibu kuulizana haya mkiwa sebuleni, mtaulizana barabarani gari likiwa limezima na watu wanawapigia honi.

Sisi tuliitengeneza giaboksi, na Vitz bado tunayo. Fundi ana namba zetu wote wawili, na risiti zinakaa kwenye kopo la chai jikoni, kila mtu anaziona. Kiwanja kimesogea mbele kwa mwaka mzima, na linauma. Lakini juzi taa ya injini ilipowaka, mume wangu alinipigia kabla hata hajapaki.

Tukutane mwezi ujao.