Boksi Tupu Nalo ni Mwalimu

Ndugu mzazi, bibi asukaye kikapu kule Mugoma, wilayani Ngara, huanzia kitakoni huku akilini ameshauona mfuniko. Hiyo ndiyo elimu inayompungukia mtoto ashindwaye jometri. Mchemraba uliochorwa ubaoni humwonyesha nyuso 3 tu. 3 nyingine zimejificha. Usimwite mjinga, asije akalichukia somo na kuukosa ufundi wa uashi au useremala. Mpe boksi tupu la sabuni alikate kingoni, alitandaze, kisha alikunje tena. Vidole vyake vitahesabu nyuso 6, kingo 12 na vipeo 8. Halafu mpe miraba 6 ya karatasi: ziko namna 11 za kuiunganisha ikunjike kuwa mchemraba. Atazipata ngapi?