Daftari Nalo Livuke Songwe



Wapendwa waamini, juma hili tunaomba tutafakari pamoja jambo linalotusumbua tangu Oktoba ya mwaka jana, alipoletwa kwetu binti mmoja kutoka ng'ambo ya mto Songwe. Mama yake alikuwa amefariki, na bibi mzaa mama aishiye hapa Ikolo ndiye aliyekwenda kumchukua. Kule Malawi alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la sita. Huku hakuwa na karatasi hata moja ya kulithibitisha hilo, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Shule ilimpokea kwa moyo mwema, ikamweka darasa la nne. Hatuwalaumu walimu, kwa maana mwalimu asiyeonyeshwa rekodi ya mtoto atampima kwa lipi? Lakini binti mrefu kuwazidi wenzake wote, aketiye kati ya watoto wa miaka tisa, huona haya. Kufikia Pasaka alikuwa ameacha shule, akawa anaamia ndege katika mashamba ya mpunga.

Ajabu ni kwamba siku ile ya kwanza alielewana na watoto wa jirani pasipo mkalimani. Alisema Kingonde, wao wakajibu Kinyakyusa, wakaendelea na mchezo. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela ni ndugu wa lugha na wa damu. Waliotenganishwa ni wao na wao, pale Waingereza na Wajerumani walipopatana mwaka 1890 kwamba Songwe uwe mpaka wa milki zao. Mto wenyewe haukuusikiliza sana mkataba huo. Kila unapofurika huweza kuhama njia yake, na wapo wazee wanaosimulia jinsi walivyoamka na kukuta shamba limebaki ng'ambo ya pili. Kwa ajili ya mto huo serikali zetu mbili zilitia sahihi mkataba mwaka 2017 na kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la Songwe, yenye makao yake hapa hapa Kyela. Tunaipongeza hatua hiyo. Hata hivyo tunajiuliza: ikiwa maji yamepata ofisi ya kuyasemea pande zote mbili, mtoto avukaye maji hayo asemewe na nani?

Maana tofauti anazozikuta si ndogo. Mwaka wa masomo wa kwetu huanza Januari, wa wenzetu huanza Septemba. Kwa hiyo mtoto avukaye mwezi wa Oktoba huacha mwaka unaoanza na kuangukia mwaka unaokwisha. Shule ya msingi kwao ni miaka 8. Kwetu imekuwa miaka 7, na sera iliyorekebishwa mwaka 2023 inaipeleka kwenye miaka 6. Sisi tunafundisha kwa Kiswahili, wao kwa Kiingereza na Kichewa. Ada si kikwazo kikubwa, kwa kuwa Malawi iliifuta katika shule za msingi mwaka 1994, na hapa nchini elimu bila ada imekuwapo hadi kidato cha nne tangu Januari 2016. Mlango u wazi pande zote mbili. Kinachokosekana ni kibao cha kuvukia.

Nchi za SADC zilikwisha kuafikiana juu ya ushirikiano wa elimu, tena huko huko Malawi, mjini Blantyre, mwezi Septemba 1997. Itifaki ile iliwafikiria hata wanafunzi wa vyuo vikuu wavukao mipaka: nafasi zao za kudahiliwa na karo watakazotozwa. Jambo jema. Lakini mwanafunzi wa chuo kikuu anajua kuandika barua ya kujitetea. Yatima wa darasa la sita hajui.

Na familia zenyewe? Misaada ya wanyonge huandikwa kwa kaya na kwa kijiji. TASAF, iliyoanzishwa mwaka 2000, imeziorodhesha kaya maskini kwa njia hiyo. Malawi nayo ilianza kuzigawia kaya zake fedha mwaka 2006, kuanzia wilaya ya Mchinji. Kaya inapovunjika kwa msiba na watoto kuvushwa mto, hufutwa katika orodha ya kule bila kuandikwa katika orodha ya huku. Bibi aliyekuwa akijilisha mwenyewe kwa shida sasa analisha watatu, naye hahesabiwi popote.

Hapa ndipo tunapotaka kusema neno letu, ndugu zangu. Sisi Wakatoliki tunalo daftari linalovuka mpaka kila mwaka bila kelele. Mkristo aliyebatizwa Karonga akitaka kufunga ndoa Kyela, cheti chake cha ubatizo huletwa, husomwa, huaminiwa. Ndoa ikishafungwa, paroko wa huku humwandikia paroko wa kule ili iandikwe katika daftari la ubatizo. Hatujawahi kumwambia bwana harusi arudie katekisimu kwa sababu muhuri wake ni wa Malawi! Karonga ni jimbo tangu mwaka 2010, nasi tu jirani zao katika Jimbo Kuu la Mbeya. Na maaskofu wa nchi hizi mbili wamekuwa pamoja katika AMECEA tangu mwaka 1961. Njia ipo na imekanyagwa. Tumeiacha itumike kwa harusi peke yake.

Tulipolileta wazo hili mbele ya Halmashauri ya Walei, mzee mmoja aliuliza swali ambalo hatukulipenda lakini lilikuwa la haki: sadaka ya maskini haiwatoshi wa kwetu, je, tukitangaza tunasaidia wa ng'ambo, si watavuka wote? Tunakiri kwamba fedha hazitoshi. Lakini binti yule hakuacha shule kwa kukosa fedha. Sare alipewa, madaftari alipewa. Alikosa barua moja kutoka kwa mwalimu wake mkuu wa zamani, na miezi michache ya kufundishwa Kiswahili kabla ya kupimwa. Hayo mawili hayamnyang'anyi maskini yeyote wa Ikolo senti moja. Tena Ruthu, mama wa babu yake mfalme Daudi, alikuwa Mmoabu mgeni aliyeokota masazo katika shamba la watu. Nasi watu wa mpunga tunaelewa vizuri maana ya masazo.

Kwa hiyo tumewaandikia mapadre wenzetu wa upande wa Karonga kuwaomba kwamba familia yoyote inayojiandaa kuvuka na mtoto ipitie kwao kwanza, ichukue cheti cha kuzaliwa na barua ya shule, na sisi tutafanya vivyo hivyo kwa watoto wetu wanaokwenda huko. Walimu wastaafu wawili wamekubali kufundisha Kiswahili siku za Jumamosi mchana, watoto wa dini zote wakikaribishwa. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo tunawaomba watuletee ofisini majina ya watoto walioletwa kutoka ng'ambo na hawasomi, kabla ya shule kufunguliwa Januari. Jina la kwanza tumekwisha kuliandika. Bibi yake anasema mpunga umevunwa, na binti yuko tayari kujaribu tena, mradi asirudishwe darasa la nne.