Tuhesabu kasuku, lakini daftari ibaki kwetu

Wanachama wenzetu, leo jioni mkitoka shamba simameni kidogo muangalie juu. Kasuku wanaopita kwenda kulala ni wangapi? Wazee wetu hapa Maniema wanasema zamani walipita kundi nyuma ya kundi mpaka giza. “Walikuwa mingi,” njo jibu tunalopata kila mara. Lakini “mingi” si hesabu. Hakuna koperativi inayouza mchele kwa “magunia mingi”.

Kwa kasuku, nchi yetu ilifanya karibu vile. Kwa miaka kadhaa ruhusa ya kuuza inje ilikuwa ndege 5,000 kila mwaka, na hesabu ya kweli ya wale walioko porini haikuwepo. Ni sawa na mtu anayetoa mchele ghalani bila kuangalia gunia ngapi zimebaki.

Kule Ghana watafiti walirudi pahali ambapo miaka 20 nyuma palikuwa na kasuku kati ya 700 na 1,200. Walienda mara tatu, wakaona 18 tu. Waliweza kujua hasara kwa sababu kuna mtu aliyekuwa ameandika hesabu ya kwanza. Mwaka 2016, kwa mkutano wa CITES kule Johannesburg, nchi zikakubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini.

Tusifichane: wanaotega ni watoto wetu. Wanapaka gundi kwenye matawi, wanafunga kasuku mmoja pale ili aite wenzake. Mnunuzi anawapa makuta kidogo, na ndege wengi wanakufa kabla ya kufika sokoni. Tunaelewa: mwanzo wa mwaka wa shule, makuta kidogo ni makuta. Lakini kasuku si kuku. Anangoja miaka kadhaa ndipo aanze kutaga, mayai yenyewe ni machache, na anataka shimo ndani ya mti mkubwa wa zamani. Ile miti njo tunakata wa kwanza tukifungua shamba jipya. Kindu iko na komini inayoitwa Kasuku. Isifike siku jina likabaki peke yake. (Ndiyo, wanakula ngazi zetu. Tumeshasikia hiyo kikaoni zaidi ya mara moja.)

Kuhesabu hakuombi diploma. Watu wawili wanasimama pahali pamoja, saa ileile ya jioni, mara moja kila mwezi. Mmoja anahesabu wanaopita, mwingine anaandika tarehe, saa, mvua kama ilinyesha, na upande walikotoka. Asubuhi tusiwahesabu tena na kujumlisha, maana ni walewale wanarudi kula. Wasipopita, andika sufuri. Sufuri ni hesabu pia, na watu wengi wanaiacha kwa kuona haya.

Pahali tunapotofautiana na wageni wetu ni hapa. Watafiti wanakuja, wanaongozwa na vijana wetu mpaka kwenye mti wa kulala, wanaandika, wanaenda. Hesabu haiturudilie. Tena, pahali pa kulala pakijulikana, mwenye gundi naye atapajua. Kwa hiyo sisi tunasema daftari ilindwe na koperativi. Anayetaka takwimu tumpe: mwezi, idadi, groupement. Jina la mti na njia ya kufika, hapana, hata akiwa na barua yenye mihuri mitatu. Na akiandika ripoti, atusomee kwa lugha yetu kabla ya kuipeleka mbali.

Wengine watauliza faida iko wapi. Mwaka huu, makuta hakuna. Lakini siku mtu atakapokuja kutuambia kwamba kasuku wamejaa, kwamba ruhusa ya kuuza inaweza kufunguliwa, tutakuwa na kitu cha kumuonyesha.

Kikao cha mwezi ujao tuchague watu wawili kwa kila kijiji. Mmoja awe kijana aliyekuwa anatega. Yeye anajua wanapita wapi.